SOMO LA LEO: MGONGO WAKO NA WATU WAKO WAMO NDANI YA MTAJI



Wiki iliyopita tulimaliza somo la picha na niliahidi leo tutaingia kwenye bei. Naomba mniwie radhi, bei tutaila kiporo. Kuna watu watatu wameniuliza kwa nyakati tofauti swali linalofanana: "Kaka, wewe unafanyaje mpaka biashara haikuchoshi?" Nilicheka peke yangu. Ilishanichosha mpaka nikalazwa kitandani siku tano, na kabla ya hapo ilikuwa imenigombanisha na watu wawili wa maana sana kwangu. Ngoja niwasimulie ilivyokuwa, na cha kufanyia kazi tutakitoa humo humo. Ni ndefu kidogo, kama uko na mteja mhudumie kwanza halafu urudi.

Kwa wageni, mimi nauza viatu vya kike na vya watoto. Nina fremu ndogo Tandika, ila mauzo yangu mengi ni ya WhatsApp na Instagram. Mzigo nachukua Kariakoo. Sikusomea biashara popote. Nilimaliza kidato cha nne, yakaja matokeo ambayo mtu akikuuliza unabadilisha mada, nikaenda kuuza duka la mtu Kariakoo kwa mshahara wa laki moja na nusu kwa mwezi. Nilikaa pale miaka miwili.

Nataka niseme kitu kuhusu hiyo miaka miwili kwa sababu siku hizi vijana wengi wanaambiwa kuajiriwa ni utumwa, jiajiri. Mimi nasema kama huna mtaji na hujui kitu, duka la mtu ni shule ambayo unalipwa kusoma. Kwa yule bosi nilijifunza kuhesabu stoo kila jioni kabla ya kufunga. Nilijifunza kwamba kwenye viatu vya kike namba 38, 39 na 40 ndizo zinazotoka, 36 na 42 zinakaa mpaka zinapata vumbi. Shikeni hilo la namba, litarudi mbele. Na nilijulikana. Kuna mama mmoja wa jumla pale jirani, kila siku bosi alikuwa ananituma kwake na hela, na kila siku nilikuwa narudisha chenji kamili. Siku nilipoanza biashara yangu yule mama alinipa mzigo wa mali kauli, nikauze kwanza ndipo nilete hela. Hakuuliza nina kitambulisho gani wala cheti gani. Miaka miwili ya chenji kamili ndiyo ilikuwa cheti changu.

Sasa tuingie kwenye yenyewe.

Nilianza na laki 6 na nusu. Laki 2 na nusu zilikuwa akiba yangu, laki 4 alinipa dada yangu mkubwa. Wakati ananipa alisema, "Utanirudishia ukisimama." Nikasema asante dada, tukamaliza. Hapakuwa na karatasi wala tarehe.

Na nilikuwa na rafiki yangu ambaye tulianza naye pamoja, yeye anauza upande wa Mbagala. Mnajua Kariakoo bei ya dazeni na bei ya mojamoja ni vitu viwili. Kiatu ambacho ukichukua kimoja unauziwa elfu 18, ukichukua dazeni unapata kwa elfu 15. Kwa hiyo tulikuwa tunachangia, dazeni moja tunagawana jozi sita sita. Fanya hesabu hapa uone kwa nini huyu mtu alikuwa muhimu. Nusu dazeni ni elfu 90. Kwa laki 6 na nusu yangu nilikuwa naweza kupata mitindo saba tofauti, na hela ya nauli inabaki. Nikinunua peke yangu, dazeni nzima ni laki 1 na elfu 80, napata mitindo mitatu tu. Mteja wa mtandaoni akifungua ukurasa wako akakuta mitindo mitatu anaona huyu hana kitu, anahama. Yaani urafiki ule ulikuwa unanipa mitindo minne ya ziada bila kuongeza hata shilingi.

Mwezi wa kumi na mbili biashara ikalipuka. Sikukuu, kila mtu anataka viatu vya watoto. Nikawa naamka saa kumi na moja nikiwa na simu mkononi, nalala saa saba usiku simu ikiwa chini ya mto. Mteja akituma ujumbe saa nane usiku najibu. Nilikuwa najisifu kabisa, naandika "tunahudumia masaa 24". Chakula changu ni chipsi mayai na soda, mchana na usiku, nakula nimesimama. Jumapili nilikuwa nacheza mpira na watu wa mtaani kwetu, nikaacha. Mama akipiga napokea nikiwa nafunga mzigo, nasema nitakupigia, sipigi.

Ndani ya mwezi huo huo nikamfanyia rafiki yangu kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kukiandika. Tulichangia dazeni mbili. Siku hiyo yeye alikuwa na msiba, akaniambia gawanya tu, utaniachia zangu kwa dereva boda. Nikagawanya. Nikajiwekea 38, 39 na 40. Yeye nikampelekea 36, 41 na 42. Idadi ilikuwa sawa kabisa, jozi kumi na mbili kwa kumi na mbili, kwa hiyo nikajiambia sijaiba. Alipofungua mzigo alinipigia, akaniuliza, "Hivi ndivyo ulivyogawa?" Nikasema ndivyo vilivyokuja kwenye maboksi. Akanyamaza kidogo, akasema "sawa". Hiyo "sawa" ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hatukununua tena pamoja.

Zile jozi za namba nzuri ziliisha ndani ya siku sita. Faida ya ziada niliyopata pale haikufika elfu 60.

Ya dada ilikuja Januari. Mtoto wake alikuwa anaingia darasa la kwanza, kuna sare, viatu, madaftari, michango. Akanipigia asubuhi, akaniomba laki 1 na elfu 20. Nikamwambia dada kwa sasa sina. Na kiukweli mfukoni sikuwa nayo, hela yote ilikuwa kwenye mzigo. Lakini dakika kumi kabla hajapiga nilikuwa nimeweka status, rundo la maboksi limefika mpaka dirishani, nimeandika MZIGO MPYA UMEINGIA, MUNGU NI MWEMA. Dada aliiona. Kwenye orodha ya walioangalia jina lake lilikuwa la pili.

Hakugomba. Aliacha tu kuangalia. Wote mnajua ile tabia ya kufungua kuona nani kaona status yako. Mimi nilikuwa nafungua kila jioni natafuta jina la dada, halipo. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi.

Nimelifikiria sana hili neno "ukisimama". Ni neno la upendo lakini ni mtego kwa wote wawili. Dada alikuwa anaangalia status zangu, anaona maboksi, anaona wateja wakishukuru, anaona nimesimama tayari, tena nimesimama wima. Mimi naangalia daftari naona mali kauli ya watu, kodi ya fremu, bando, naona bado natambaa. Kila mmoja alikuwa anasema ukweli wake. Hakuna aliyejua siku ya kusimama ni ipi kwa sababu hatukuiandika.

Mwezi wa pili mgongo ukagoma. Nilikuwa nimetoka stoo ya ghorofa ya tatu na salfeti la viatu, nimelishusha ngazi zote mwenyewe ili nisimlipe kijana wa kubeba elfu 2. Nimefika chini, nimeliweka, halafu nikainama kuliinua tena huku nageuka kumjibu mtu aliyeniita. Hapo hapo. Nilisikia kama kamba imekatika kiunoni. Sikuweza kunyooka. Dereva boda wangu wa siku zote ndiye alinikuta nimeshika ukuta, akanitafutia bajaji ikanipeleka nyumbani.

Kila aliyekuja kuniona alisema lala, usijitikise. Nikalala siku tatu, na kila siku ikiamka mgongo umekaza zaidi ya jana. Siku ya nne nikaenda hospitali. Daktari akanipima, akanigonga magoti na kinyundo, akaniambia nisukume mguu, ninyanyue kidole gumba cha mguu, akasema ni misuli, hakuna haja ya picha. Akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole lakini maneno yake hayana sukari. Aliniuliza nakaa muda gani kwa siku nimeinamia simu. Nikahesabu mbele yake, nikaona aibu kumalizia. Akaniambia mgongo wa namna yangu hautibiwi kwa kulala, unatibiwa kwa kuanza kutembea taratibu mapema iwezekanavyo, na kwamba zile siku tatu za kitandani ndizo zilizonikazisha. Aliniambia pia dalili ambazo ukiziona hupaswi kusubiri wala kusikiliza jirani, unakimbia hospitali siku hiyo hiyo: mguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kugoma kutoka kabisa. Andikeni hizo mahali. Sisi tunaobeba mizigo tunazihitaji.

Sasa upande wa biashara siku hizo tano. Simu ninayo, wateja wanaandika, hela wanayo. Mimi siwezi kwenda fremu. Na hakuna binadamu mwingine aliyejua kitu kipo wapi wala kinauzwa bei gani, kila kitu kilikuwa kichwani kwangu. Yule dereva boda ndiye alijitolea. Akachukua funguo, akaenda fremu, ananipigia simu ya video, mimi nimelala namwambia boksi la kushoto, hapana, la chini yake, ndiyo hilo. Tukaokoa oda kumi na moja. Nilimuuliza baadaye kwa nini aliacha abiria zake kwa ajili yangu. Akasema mimi ni mtu pekee ninayemlipa siku hiyo hiyo bila kumpunguzia nauli. Nilikuwa nafanya hivyo kwa sababu naogopa asinikimbie, sikujua kama anahesabu.

Na siku ya pili, kabla hata sijaenda hospitali, mlango ukagongwa. Dada. Mama alikuwa amemwambia. Kaja na supu ya samaki kwenye chupa na hotipoti ya wali. Hakusema lolote kuhusu ile hela. Aliona simu inalia tu, akasema lete nikusaidie kujibu. Akawa anajibu wateja, vizuri kuliko mimi. Alipofika mahali anataka kujua deni la mteja fulani nikamwambia angalia kwenye daftari. Akafungua, akakuta ukurasa ambao sikutaka auone. Marafiki na jamaa waliochukua viatu kwa ahadi ya "nitakutumia mwisho wa mwezi". Jozi kumi na nne.

Akahesabu kimya kimya. Halafu akasema, "Kumbe hela yangu ipo miguuni mwa rafiki zako."

Jozi 14 mara elfu 15 ni laki 2 na elfu 10, hiyo ni gharama tu, faida sijaweka. Yeye alikuwa ameniomba laki na ishirini.

Hapa tusimame kidogo tufanye hesabu, maana najua wengi mna ukurasa kama huo. Kiatu nanunua elfu 15, nauza elfu 22. Toa nauli ya kukitoa Kariakoo, mfuko wa kufungia na bando, kinabaki kama elfu 5. Rafiki mmoja asipolipa, nimepoteza elfu 15 ya gharama. Ili niirudishe inabidi niuze jozi tatu kwa watu wengine, na hizo tatu nitakuwa nimezifanyia kazi bure. Jozi 14 ni kazi ya bure ya jozi 42. Kuna wiki nzima nauza chini ya hapo. Na kibaya zaidi rafiki mwenye deni lako hakuiti tena kwenye mambo yake, anakukwepa. Unapoteza kiatu na unampoteza mtu.

Siku ile ile dada akiwa pale tuliandika. Karatasi ya daftari tu, ya mistari. Deni laki 4, nitalipa elfu 50 kila tarehe 5, miezi minane, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa kumi. Tukasaini wote, mama akawa shahidi kwa simu, akacheka sana. Kuna watu wanasema kuandikishana na ndugu ni kutoaminiana. Mimi naona kinyume chake. Kabla ya ile karatasi kila simu ya dada nilikuwa naiogopa. Baada ya hapo tarehe 5 ikipita nimeshatuma, tunaongea habari nyingine kabisa, mtoto, shule, mama.

Ili niweze kutuma hiyo elfu 50 ilinibidi nibadilishe mambo, na hapa ndipo nataka uwe na kalamu.

Nilianza kujilipa mshahara. Zamani nilikuwa natoa hela kwenye droo nikihitaji. Sasa najilipa kila Jumamosi kiasi kile kile, na humo ndimo yanatoka mambo yangu yote, kula, kodi ya chumba, elfu 50 ya dada. Hela ya mzigo haiguswi hata nife njaa. Halafu kuna mfuko mdogo nauita wa ndugu, elfu 30 kwa mwezi. Ndugu au rafiki akiwa na shida naangalia kwenye mfuko ule. Kama ipo natoa, na natoa kama zawadi, siandiki deni. Kama imeisha nasema ukweli kwamba ya mwezi huu imeisha. Viatu kwa mkopo kwa rafiki nimefuta kabisa. Akitaka viatu nampunguzia elfu 2 akilipa hapo hapo. Wawili walinuna. Mmoja ameshanunua tangu hapo.

Na simu. Saa nne usiku nimefunga. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya ujumbe wa kujijibu ukiwa haupo, ni bure, unaweka saa unazotaka. Mimi nimeandika: "Asante kwa kutuandikia. Tumefunga kwa leo, tunafungua saa 2 asubuhi. Tuma picha ya kiatu na namba yako, ukiamka utakuta jibu." Niliogopa sana kuwapoteza wateja. Kwa hiyo mwezi mzima kila asubuhi nilihesabu walioandika baada ya saa nne. Walifika 38. Kati yao waliojibiwa asubuhi wakanunua ni 9, na waliolalamika kuchelewa kujibiwa ni mmoja. Wengi wa usiku wanaangalia picha tu kama mimi na wewe tunavyofanya tukikosa usingizi. Nilikuwa naukatisha usingizi wangu kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa haununui hata mchana. Ila usinakili saa zangu kama zilivyo. Kama wewe unauza chakula cha usiku wateja wako ni wa usiku, hesabu wa kwako.

Tuje kwenye mwili, maana ndiyo ulionifikisha hapa.

Yule dada wa fiziotherapia hakunipa dawa ya ajabu. Alinifundisha kubeba. Unasogea karibu na mzigo, miguu imepanuka kidogo, unachuchumaa kwa magoti badala ya kuinama kwa kiuno, unaukumbatia mzigo ukae karibu na tumbo, unanyanyuka kwa nguvu ya mapaja. Ukitaka kugeuka unageuza miguu, usizungushe kiuno ukiwa na mzigo. Mimi nilivunja sheria zote kwa sekunde moja. Salfeti moja kubwa siku hizi nazigawa mbili, na zikiwa nyingi namlipa kijana ile elfu 2. Elfu 2 niliyoikwepa ilinigharimu siku tano.

Pia aliniambia kiwango cha mazoezi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, kama kutembea haraka, na angalau siku mbili za mazoezi ya kujenga misuli. Niliposikia 150 nikasema mimi nitatoa wapi muda huo. Gawanya kwa siku tano, ni nusu saa. Nikienda kuchukua mzigo nashuka daladala vituo kadhaa kabla ya Kariakoo, namalizia kwa miguu, mkono mtupu. Kurudi napanda kwa sababu nina mzigo. Siku mbili jioni kabla ya kuoga nafanya kuchuchumaa na kusimama mara kumi na tano, napumzika, narudia mara tatu, halafu pushapu, halafu ile ya kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka kama ubao. Mwanzoni nilishikilia sekunde kumi na mbili nikaanguka kifudifudi. Hakuna kifaa cha kununua.

Jumamosi alfajiri nimejiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani kwetu, tunaanzia Mwembeyanga saa kumi na mbili. Dar kila mtaa una kikundi, utawasikia tu wanavyoimba barabarani. Pale kuna mzee ana miaka zaidi ya sitini, amestaafu kazi ya kubeba mizigo. Anatuacha vijana wote. Nilimuuliza siri, akasema hajawahi kuanza mazoezi, kwa sababu hajawahi kuacha. Yeye haendi kasi, anakwenda mwendo wake ule ule, na sisi tunaoanza kwa mbio tunamkuta mbele tumeinama tunahema.

Kikundi kina daftari la michango ya misiba na wagonjwa, na mtu asipotokea wiki mbili watu wanakwenda kwake kuuliza. Nawaambia hili kwa sababu kuna walimu wa biashara wanawaambia "jenga mtandao wa watu", wakimaanisha tafuta wenye hela ukae karibu nao. Inanikera kidogo. Mimi pale sikutaja viatu miezi mitatu. Kuna siku mama mmoja akaniuliza unafanya kazi gani, nikamjibu. Sasa nina wateja sita kutoka kikundini, na hakuna hata mmoja niliyemfuata.

Najua kuna dada anasoma hapa, ana mtoto mgongoni, anapika, anapokea oda, anasema kaka wewe una nafasi ya kukimbia alfajiri. Ni kweli. Nusu saa siyo lazima iwe ya mfululizo, dakika kumi kumi mara tatu zinahesabika. Kumpeleka mtoto shule kwa mwendo wa haraka ni moja. Kupeleka oda ya karibu kwa miguu badala ya kuita boda ni nyingine. Kama una mtu wa kumwachia mtoto Jumamosi, mwachie, na yeye umwekee siku yake.

Na mwandikie mtu mmoja bei zako na mahali mzigo ulipo. Leo, usisubiri. Mimi nimempa dada. Kila boksi lina karatasi, namba, bei ya mwisho. Nikiumwa kesho biashara inatembea.

Mwezi wa kumi nilimtumia elfu 50 ya mwisho. Alinijibu kwa sauti, anacheka, anasema sasa nitakusumbua kama mteja. Wiki ile aliagiza viatu vya mtoto, nikataka kumpa bure, akakataa, akalipa kwa lipa namba bei kamili. Na jina lake limerudi kwenye status, mara nyingi ndiye wa kwanza.

Rafiki yangu wa Mbagala nilimfuata mwezi wa nne, nilipoweza kukaa kwenye daladala bila maumivu. Nilibeba jozi sita, za 38, 39 na 40, nikamwambia ukweli kwamba siku ile nilichagua. Akasema alijua tangu siku ile. Alizipokea, akaniletea maji, tukakaa tukaongea habari za mpira karibu saa nzima. Nilipomuuliza kama tunaweza kurudi kuchangia dazeni, akasema ameshapata mtu wa kununua naye, wanaelewana, hawezi kumwacha. Ana haki. Tukikutana Kariakoo tunasalimiana vizuri, na mimi mpaka leo nanunua dazeni nzima.